Maji Yaliyoutangulia Mvuke

Mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukutani, kisha mkaniomba niwaandikie niliyoyaona maabara tangu nilipoingia mpaka mliponitoa. Saa imeshasimama. Keki iliisha siku ileile, na wengine wenu niliwaona mkirudia. Kwa hiyo limebaki hili la kuandika, na ninaliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyojifunzia kazi, humu humu London. Neema na Kassim, nyinyi mnaokisoma, watafsirieni wenzenu. Msitie chumvi.

Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara ni siri yangu na benki. Nitasema habari za maji.

Watu wakisikia nilikuwa kwenye mambo ya mafuta, wanadhani nina kisima. Shangazi yangu kule Tanga alifariki akiamini hivyo, na kila Idi alinitumia salamu za mtu mwenye kisima. Kumbe mafuta nimeyaona kwa vijiko tu. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kuyafuata maji ndani ya mchanga na kusema yanakwenda wapi.

Nilikuja London kusoma. Nilipomaliza nikapata nafasi hapo maabara, kwa kibali cha kazi kilichofungwa kwa mwajiri. Maana yake ni kwamba kazi ikiisha, kibali kimeisha, na binti wa Tanga anarudi Tanga na shahada yake ya kupima mchanga ambao Tanga haupo. Nikapewa kwanza muda wa majaribio. Meneja wakati huo alikuwa Bi Judith, Mwingereza mrefu, asiyependa maneno ya ziada. Siku ya kwanza alinifikisha kwenye mlango wa chumba cha baridi, akasema fundi mkuu yumo ndani, akaondoka.

Nilikuwa nimevaa viatu vipya na blauzi ya mikono mifupi. Ndani nikamkuta Mhindi mmoja amevaa makoti mawili na kofia ya sufu, ameketi juu ya kreti, anakunywa chai ya chupa kwenye baridi ya kugandisha samaki. Akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Tanzania ipi? Tanga. Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanipa.

"Karibu, binti," akasema kwa Kiswahili cha Tabora kisicho na kasoro. "Funga mlango. Baridi inatoka."

Huyo ndiye Mzee Jayanti. Baba yake alikuwa na duka la nguo Tabora, naye alikuwa akiishi Kingsbury na mkewe, Mama Nila. Hakuwa mzee wakati huo, lakini mimi nilimwita Mzee tangu kikombe kile, na yeye ananiita binti mpaka leo, nami nina wajukuu.

Kwa wale mlioajiriwa juzi na mnaujua mchanga kwa picha za kompyuta peke yake: mchanga wetu unatoka Kanada, chini sana ardhini, na unagandishwa mara tu unapotolewa ili maji yake yasisogee njiani. Unatufikia kwa umbo la mche, kama mche wa sabuni ila wa mviringo, mweusi ti, unanuka lami. Mafuta yake hayatiririki. Ukiyaweka mezani leo, utayakuta palepale baada ya Ramadhani. Ndiyo maana wenyewe wanayapelekea mvuke. Wanachimba visima viwili vilivyolala, kimoja juu ya kingine. Mvuke unaingia kwa kile cha juu, mafuta yanalainika, yanachuruzika mpaka kile cha chini, yanavutwa kwa pampu. Mvuke nao ukipoa unakuwa maji, unachuruzika pamoja nayo. Kinachopanda juu ni maji mengi na mafuta ya kuombea Mungu.

Ila mchanga ule una maji yake ya asili pia, yaliyokuwemo kabla ya mvuke na kabla yetu sote. Mzee Jayanti alinieleza siku ileile.

"Kila punje, binti, imevaa maji kwanza. Mafuta yako juu yake."

"Kama shumizi chini ya buibui," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Ndiyo. Na wateja wote wanatazama buibui."

Vitabu vya wakati ule vilisema shumizi haisogei: maji ya asili yametulia, usihangaike nayo. Yakiwa hayakutulia, ni balaa. Maji yaliyo huru ndani ya mchanga yanakuwa uchochoro. Mvuke unayafuata, na joto lililogharamiwa linakwenda kupasha maji mahali ambapo hakuna mtu aliyeomba maji ya moto. Kwa hiyo mteja akitaka kujua achimbe wapi, alituletea mche, sisi tukaupitishia mvuke na kuangalia nini kinatoka, na lini.

Kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote tuliiita kuvalisha, na mpaka leo hamna jina zuri zaidi. Mche ulioganda unauchonga ukae sawa, unauingiza kwenye mfuko wa mpira, na mfuko ndani ya silinda ya chuma. Kati ya mche na mpira hubaki nafasi nyembamba. Nafasi hiyo unaijaza uji wa udongo mweupe, kijiko kwa kijiko, huku ukigonga silinda kwa nyundo ya mpira mpaka mlio ubadilike. Muda ni mfupi, maana mche ukianza kuyeyuka umekwisha. Ukiacha upenyo hata wa unywele, maji yatapita ukutani badala ya kupita ndani ya mchanga, nawe utaandika ripoti nzuri sana kuhusu tabia za mpira. Uji wenyewe tuliukoroga kwa maji ya chumvi, kwa sababu udongo ukinyweshwa maji matamu unavimba, na maji ya asili ya mchanga nayo yana chumvi. Likumbukeni hilo la chumvi, lilituponza baadaye.

Harufu ya lami iliingia kwenye nywele, kwenye mtandio, kwenye mkate. Nilikuwa nimepanga chumba Harrow, na kwenye treni ya Metropolitan nilipata kiti kila jioni, pamoja na kiti cha pili cha kuwekea mkoba.

Mzee alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: aliyekasirika hagusi valvu ya mvuke. Kabla ya mvuke kufunguliwa alimtazama kila mtu usoni, mmoja mmoja, bila haraka. Akikuona umenuna, alikuonyesha kiti kimoja cha mbao kilichokuwa pembeni, ukakaa hapo mpaka upoe. Siku moja Bi Judith alishuka ametoka kugombana na mtu kwenye simu. Mzee akamwonyesha kiti kwa adabu zote. Meneja akakaa. Mvuke ule ulikuwa wa kuchubua ngozi, na Mzee aliwahi kumwona mtu aliyeufungua kwa hasira. Sikuwahi kumuuliza aliona nini, na yeye hakusema.

Wiki ya mwisho ya majaribio yangu ukaja mche wa kampuni ambayo sitaitaja. Walikuwa wamekwisha chagua mahali pa kuchimba na walitaka tu tuseme amina. Ulikuwa mche wa pekee, umekatwa kufuata ulalo wa tabaka, na hapakuwa na wa pili. Mpaka siku hiyo mimi nilikuwa mshika taa. Tulikuwa wawili tu mle ndani, mlango umefungwa, Mzee akanikabidhi nyundo.

"Valisha wewe."

"Huu? Mzee, huu si wa kujifunzia."

"Hakuna mteja anayeleta wa kujifunzia."

Akanipa mgongo, akamimina chai. Nilivalisha mche ule vidole vikiwa havina hisia, nikigonga na kusikiliza, nikigonga na kusikiliza. Mlio ulipobadilika nikasimama. Mzee, bila kugeuka, akasema, "Haya." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Tukafungua mvuke. Vipima joto vilituonyesha joto lilipofika, na lilikuwa bado mwanzoni kabisa mwa mche. Mbele yake kulikuwa na mchanga baridi na mafuta magumu. Kwa elimu yote tuliyokuwa nayo, upande wa pili hapakutakiwa kutoka kitu mpaka baadaye sana. Yakatoka maji. Tone, kisha tone, kisha mchirizi. Yalikuwa baridi, na yalikuwa na chumvi.

Bwana wa kampuni ile alikuwepo, amekuja kushuhudia amina yake. Alitazama mchirizi, akasema bila kusita: "Yamepita ukutani."

Nikasema yana chumvi, basi ni maji ya asili ya mchanga, yamesukumwa yakatangulia. Akanijibu kwamba uji wetu nao una chumvi. Alikuwa sahihi. Wallahi nilitamani awe mjinga, lakini alikuwa sahihi.

Bi Judith akauliza, "Nani aliuvalisha?"

Hapa waelewesheni wenzenu vizuri. Hakuna aliyetuona mle ndani. Mzee Jayanti hakuwahi kuvujisha mche hata mmoja, na kila mtu alijua. Angesema "mimi," mjadala ungeishia pale, na mimi ningebaki London. Neno moja tu. Nikamtazama. Alikuwa anafuta miwani.

"Yeye," akasema, akanielekeza kwa kidevu.

Niliumia. Sina namna nyingine ya kuliandika. Nilikuwa nimekunywa chai ya mtu huyu, nimemwita Mzee, nimemhesabu kuwa mtu wa kwetu katika mji ambao sikuwa na mtu.

Bi Judith hakufoka. Aliniambia majaribio yangu yanaisha Ijumaa, na kwamba itabidi tuzungumze. Kwa Waingereza, itabidi tuzungumze maana yake wameshazungumza.

Ndipo Mzee akasema, "Tuukate."

Bwana wa kampuni akaruka. Mche ni huo huo mmoja, ukikatwa hakuna kurudia! Mzee akamweleza taratibu, kama anayempimia mtu kitambaa, kwamba maji yakiwa yamepita ukutani, ngozi ya mche itakuwa imeoshwa na udongo mweupe umechimbika. Yakiwa yamepita ndani, yatakuwa yameacha njia yake ndani. "Tunabishana na nini? Mchanga si huo hapo?"

Bi Judith akafikiri, akaamua ugandishwe upya, ukatwe Ijumaa asubuhi. Nikanyoosha mkono kufunga mvuke. Mzee akanizuia.

"Umekasirika. Kaa."

Nikakaa kwenye kile kiti. Sijawahi kuchukia mbao kiasi kile.

Nilirudi Harrow nikafungasha. Vitu vyangu vilikuwa vichache, vikaisha upesi, nikavitoa nikavipanga upya. Dada Kemunto, nesi wa Kisii aliyenipangisha chumba, alichungulia akielekea zamu.

"Unasafiri?"

"Inategemea mchanga."

"Sawa," akasema, akaenda zake. Manesi wamesikia makubwa zaidi.

Ijumaa tukakusanyika kwenye msumeno. Mzee akatutazama usoni mmoja mmoja. Akamruhusu Bi Judith, akamruhusu bwana wa kampuni. Aliponifikia mimi akanionyesha kiti. Basi mche wangu, na kibali changu, na maisha yangu yote vilikatwa mimi nikiwa nimeketi pembeni kama mtoto aliyetukana wageni, natazama mgongo wa Bi Judith. Msumeno ulilia, ukanyamaza. Nilisoma kimoyomoyo kila dua niliyoifahamu, pamoja na ya kupanda chombo cha safari, ili isije ikahitajika.

"Njoo uone," akasema Bi Judith.

Uso wa mche ulikuwa umekatika safi. Pembeni, duara la udongo mweupe lilikuwa zima, limeshikana pande zote. Ndani yake mchanga mweusi ulifika mpaka ukingoni, haujaoshwa hata punje. Na katikati, chini kidogo, ukapita mstari wa kijivu, mwembamba kama kidole, mchanga usio na mafuta. Mzee akakata tena mbele, na tena. Mstari ulikuwepo kila mahali, kutoka mwanzo wa mche hadi mwisho. Lilikuwa tabaka ambalo tangu asili lina maji mengi na mafuta kidogo. Mvuke ulipoyasukuma yale maji, yakaondoka mbele yake, yakaliacha joto nyuma.

"Si ukutani," akasema Bi Judith.

Bwana wa kampuni akawa mwekundu. Visima vyake vilikuwa vimepangwa kupita hapo hapo. Alianza kusema kwa sauti ya juu, akatafuta pa kukaa, na kiti kilikuwa kimoja. Nikampisha.

Walihamisha visima. Hatukupata asante, nanyi msiisubiri, kwa sababu mtu uliyemwonyesha maji huona kama ni wewe uliyeyamwaga. Bi Judith akanithibitisha kazini mchana ule. Mzee akasema tu, "Jumatatu kuna mwingine. Utavalisha wewe," akanimiminia chai. Niliinywa. Kumsamehe sikumsamehe.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Alinifundisha kutoyeyusha mche ukiwa umesimama wima, kwa sababu maji yatashuka chini usiku na asubuhi utagundua bahari ambayo Kanada haipo. Alinifundisha kuchemsha maji ya boila kabla ya kuyaamini, na kutomwamini mtu anayesema geji ni mbovu pale tu inaposema asichokipenda. Tulicheka, tulizika, tuliozesha. Binti yake Nila aliolewa Stanmore nikapika pilau ya watu wote waliokula nyama, na walikuwa wengi kuliko walivyotangaza. Lakini ile "yeye" ilikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Kuuliza sikuuliza. Niliona kuuliza ni kukiri kwamba nilitaka kuokolewa.

Alistaafu, nikachukua chumba cha baridi. Kiti nikakiacha palepale. Ndicho hicho mnachowekea makoti. Toeni makoti.

Sasa siku chache baada ya ile keki yenu, nilikwenda Kingsbury kumsalimia. Mama Nila akanifungulia mlango, akaniambia nimekonda, jambo ambalo si kweli, akanikalisha jikoni. Mzee alikuwa dirishani na blanketi magotini. Miguu imechoka, masikio mazima. Tukaulizana hali za watu, walio hai kwanza.

Mama Nila akafungua friza kutafuta muhogo wa kukaanga. Akatoa njegere, akatoa sambusa, kisha akatua mezani kitu kizito kilichoviringishwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Mwambie akitoe hiki," akasema. "Mimi hanisikii. Miaka yote hii nakikwepa nikitafuta muhogo."

Nikafungua mfuko. Kilikuwa kipande cha mche. Duara jeupe, mchanga mweusi, mstari wa kijivu katikati. Nikaujua kama mama anavyojua mguu wa mwanawe. Na pale nikashindwa kujizuia.

"Mzee, siku ile mbona hukusema umevalisha wewe?"

Hakuuliza siku ipi.

"Ningesema mimi, wangeamini."

"Si ndiyo nasema! Wangeamini!"

"Wangeamini, wasingekata. Ungebaki kazini, sawa. Halafu kila mche unaovalisha, Judith angeniita nije niangalie. Na wewe ungeniita." Akavuta blanketi. "Mpaka leo ungekuwa unaniita."

"Na kama ningekuwa nimekosea? Ningekuwa Tanga saa hizi!"

"Nilikupa mgongo, binti. Sikuziba masikio. Ile nyundo niliisikia mpaka mwisho. Nilijua maji hayakupita kwako."

Nikakaa na mche wa baridi mikononi, unaanza kunilowesha gauni.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umekasirika."

"Miaka yote hii?"

"Kila nikikutazama," akasema, "bado."

Nikalia. Nililia jikoni kwa watu, mwanamke mzima niliyestaafu, na sikuona haya. Mama Nila akanipa kitambaa, akaurudisha mche kwenye friza mwenyewe bila kuambiwa, akauweka chini ya njegere, akasema jamani kuna mtu ataweka chai au tutakaa hivi hivi.

Nikainuka, nikajaza sufuria maji, nikashika swichi ya jiko la gesi.

"Binti," akaita Mzee.

Nikageuka. Akanitazama usoni bila haraka, vile alivyokuwa akitutazama kabla ya mvuke. Nikamwacha atazame.

"Haya," akasema. "Washa."